Niliyemwandika Hayupo

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule pamoja na wajumbe wako, Mama Mkuu wa Chekechea, jirani yetu wa ukuta mmoja, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wahitimu wetu ishirini na watatu wa mkondo wa ualimu wa awali, na ninyi wageni wadogo mlioketi mkekani hapa mbele, ambao mmeshatuimbia na sasa mnangoja biskuti: nawasalimu nyote kwa heshima.

Wageni wadogo nimewataja mwisho kwa sababu itifaki ndivyo inavyotaka. Itifaki yenyewe niliiandika mimi, kwa mkono huu, mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa shule hii. Leo nikiisoma naona ina kasoro, lakini tutafika huko.

Ratiba inasema leo ni siku ya furaha mara mbili: wahitimu hawa wanapokea vyeti vyao, na mimi naagwa baada ya miaka thelathini na moja ya chaki. Katibu wa shule aliniandalia hotuba ya kurasa nne. Ni hotuba nzuri, ina asilimia za ufaulu, ina shukrani kwa kila mtu hadi fundi bomba. Nimeiacha kwenye droo ya ofisi. Nisamehe, Katibu, najua uliichapa mara tatu. Nilichokuja nacho hapa ni karatasi mbili tu, na moja kati yake naona haya hata kuishika.

Wahitimu, kabla sijawasifu, nataka mjue jinsi nilivyowadharau.

Mkondo wenu ulipoletwa hapa, miaka minane iliyopita, ulikuja kwa waraka wa ukurasa mmoja: wanafunzi wa sekondari wanaotaka kuwa walimu wa watoto wadogo waanze kuandaliwa wakiwa bado shuleni, wavuke geti la ukutani asubuhi tatu kila wiki, waingie chekechea, wajifunze kazi mahali kazi ilipo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Niliusoma ule waraka chumba cha walimu, nikaukunja, nikasema, "Haya, tumeletewa mkondo wa kupiga makofi." Walimu wakacheka. Walicheka kwa sababu mimi ndiye mkuu wao, na mkuu akitania hukosi wa kucheka. Wengine mpo hapa; msiiname, aliyetania ni mimi.

Na sikuishia kwenye mzaha. Ulipofika wakati wa wanafunzi kuchagua mikondo, nilikuwa naingia darasani nauliza, "Nani anapenda watoto?" huku macho yangu yako kwenye viti vya nyuma, kwa wale ambao hesabu zimewapiga chenga. Mwanafunzi mwenye alama za juu akiuchagua, nilimwita mzazi wake. Nilimwambia, kwa sauti ya kumhurumia, kwamba mtoto ana akili, asipotee. Wazazi mnaonitazama hivyo mna haki ya kunitazama. Ni nani kati yetu angekubali daktari wa wanawe achaguliwe kutoka miongoni mwa waliokosa pa kwenda? Basi kwa nini niliona sawa kwa mtu anayempokea mtoto siku ya kwanza anapoachia mkono wa mama yake?

Sasa niseme habari ya kiti.

Mwisho wa miaka miwili, kila mwanafunzi wa mkondo huu huongoza darasa la chekechea peke yake, na mpimaji kutoka upande wetu huenda kumtazama. Mwongozo ni wazi. Mpimaji aingie kimya, aketi pembeni kwenye kiti cha mtoto, akae dakika arobaini asiseme neno, na aandike anachokiona. Kwa nini kiti cha mtoto? Aliyeuandika mwongozo alikuwa anajua alichokifanya: ukikaa pale, unaona chumba kama mtoto anavyokiona. Lakini mimi, na mwili huu mnaouona na magoti haya, nilikichukulia kile kiti kama tusi.

Mwaka ule, miaka sita iliyopita, mpimaji wetu aliugua nikaichukua kazi yake. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, nilisimama kwenye mlango wa chumba cha wenye miaka minne. Watoto kama thelathini. Kundi moja linapanga vibao, kundi jingine linapaka rangi, wawili wanagombania ndoo. Mbele, kwenye ubao, hakuna mtu. Nikatazama pembeni, hakuna mtu. Nikamwuliza mtoto aliyekuwa karibu na mlango, "Mwalimu wenu yuko wapi?" Akaninyooshea kidole kwenye meza ya katikati. Nikatazama juu ya meza. Niliona makopo ya rangi, basi.

Sikuinama.

Nilisimama pale dakika nne, na hizo nne nazihesabu kwa kujipendelea. Nikachukua fomu. Kuna kisanduku cha kwanza kabisa: mwanafunzi yupo, au hayupo. Nikaandika: hayupo. Kisha, chini, penye muda wa kufika na muda wa kuondoka, nikaandika saa tatu kamili, na saa tatu na dakika arobaini. Nikatia sahihi. Saa tatu na robo nilikuwa ofisini nakunywa chai.

Siku ya tano Mama Mkuu wa Chekechea alivuka geti akaja kwangu. Mnamjua, mama huyu hapigi hodi mara mbili. Akaniambia, "Mwalimu, umemwandika mwanafunzi wangu hayupo. Alikuwa chini ya meza."

Nikamwuliza alikuwa anafanya nini chini ya meza.

Akaeleza. Palikuwa na mtoto wa kike mgeni, mama yake yuko hospitali, ana siku tisa chekechea na hajasema neno hata moja kwa mtu yeyote. Asubuhi ile alijibanza chini ya meza. Mwanafunzi wetu alipanga kwanza kazi za watoto wengine, kila kundi na lake, akamwomba mpishi wa uji asimame kwenye dirisha la jikoni awaangalie, kisha akaingia chini ya meza. Hakumvuta mtoto. Hakumbembeleza. Alilala kifudifudi umbali wa mkono mmoja, akaweka kidole chake sakafuni, akangoja. Alingoja dakika thelathini na tano mtoto atoke mwenyewe. Mtoto alipotoka alikuwa amekishika kile kidole, na akaomba maji. Ndilo neno lake la kwanza pale: maji.

"Utaratibu, Mama, unasema mpimaji aone," nikamjibu.

"Utaratibu, Mwalimu, unasema mpimaji akae," naye akanijibu.

Ndugu zangu, kusahihisha lile kosa kulihitaji sentensi moja. Lakini kuandika kwamba yeye alikuwepo dakika arobaini, ilibidi kwanza niandike kwamba mimi sikuwepo. Kati yetu wawili, mmoja hakuwepo darasani asubuhi ile, na siye aliyeandikwa. Nilijua hivyo siku ya tano. Nikajitia hamnazo, nikaitia fomu kwenye bahasha, nikaipeleka ofisi ya elimu pamoja na nyingine.

Matokeo yalipotoka na kumnyima cheti, binti niliyemwandika hayupo alikuja ofisini na mama yake. Mama yake ni fundi cherehani. Nadhani hakuna mtu ukumbini humu ambaye hajapunguziwa suruali na yeye. Alisimama akiwa na futi yake bado shingoni. Akasema, "Mwalimu, mwanangu hajakosa shule hata siku aliyokuwa na homa."

Nikamwambia, "Mama, karatasi inasema hakuwepo."

"Na karatasi ilikuwa wapi?"

Nikavaa sura ya kazi. Ndipo binti akasema kwa adabu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, "Mwalimu, mimi niliviona viatu vyako. Vya kahawia, kimoja kina kamba nyeusi. Vilisimama mlangoni, halafu vikaondoka. Nilitaka kutoka nikusalimie, lakini alikuwa ndiyo kwanza amenishika kidole."

Viatu hivyo nilikuwa nimevivaa, chini ya meza ya ofisi. Nikairudisha miguu nyuma. Nikasema, kwa macho makavu, "Viatu vya kahawia viko vingi."

Yule mama alinitazama, akamtazama mwanawe, akaitoa futi shingoni akaikunja polepole kama mtu anayefunga duka. Wakaondoka. Wiki iliyofuata nikampa mlinzi wetu vile viatu, nikidhani nimeondokana navyo. Mlinzi, wewe ni mtunzaji hodari: kwa miaka miwili kila asubuhi ulinifungulia geti ukiwa umevaa ushahidi. Wewe hukujua, ukanisalimu kwa furaha, na mimi nikawa napita nikitazama mawingu.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

Ni nini kinachompata msichana wa miaka kumi na tisa anayeijua kazi na hana cheti? Hapewi darasa. Mama Mkuu alimchukua kwa nafasi aliyoruhusiwa kumpa: msaidizi. Kuosha mikono ya watoto, kufunga kamba za viatu, kupiga deki, kukunja mikeka. Miaka sita. Watoto wakampa jina lao, Dada Mkeka, ambalo mimi sikulijua mpaka mwezi uliopita, kwa kuwa ukimtafuta hutamkuta kwenye kiti. Na mimi, nikivuka lile geti kwa shughuli za ofisi, nikimwona mbali nilikuwa nachukua njia ya bustanini.

Mwezi uliopita nilikaa kusoma shajara zenu za mazoezi, wahitimu, ili nichague ya kupewa zawadi. Nilisoma ishirini na tatu. Na katika zote ishirini na tatu, kwa miandiko tofauti, kwa maneno tofauti, nikakuta mtu mmoja. "Dada Mkeka kanifundisha kumsalimia mtoto nikiwa nimechuchumaa." "Dada Mkeka kaniambia anayeuma wenzake asifukuzwe, awekwe karibu." Mmoja wenu kaandika, na ndiye mshindi, ingawa atanichukia kwa kumsoma hadharani: "Mtoto akijificha usimvute. Shuka."

Nikavuka geti, nikamwambia Mama Mkuu nataka kumwandikia barua ya pongezi huyu mkufunzi wenu, nimwandike kwa cheo gani? Mama Mkuu akanitazama kama mtu anayetazama mvua ndani ya nyumba. Akasema, "Yule hana cheo. Na hapa mjini hakuna anayejua sababu kukushinda wewe."

Nikapiga moyo konde, nikaenda. Alikuwa mkekani anafunga kamba ya kiatu cha mtoto. Nikaanza, "Binti yangu, nimekuja kuomba..." Akasema, "Subiri, Mwalimu, nimalize kamba hii." Nikasubiri. Ilikuwa na fundo, ikachukua muda. Alipomaliza akasema, "Kaa." Nikatafuta kiti cha mtu mzima. Hakikuwepo. Nikakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakanifika kidevuni, mtoto mmoja akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Nilikaa dakika arobaini. Hakunisemesha tena mpaka zilipokwisha. Kisha akaja, akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Msamaha wako sijui niuweke wapi, Mwalimu, nitaangalia baadaye. Leo umekaa. Kaandike ulichokiona."

Mheshimiwa Afisa Elimu, karatasi hizi mbili ndizo hizo. Hii ya kwanza ni ungamo langu: kwamba muda ule niliuandika uongo, na kwamba nilijua. Hii ya pili ni tathmini aliyostahili. Kanuni zako zinasema kosa la mpimaji linaweza kusahihishwa na mpimaji mwenyewe tu, akiwa bado kazini. Mimi kazi yangu inakoma leo, ofisi ikifungwa. Zisipopokelewa leo, binti huyu atabaki hayupo maisha yake yote, maana mwenye kalamu ya kumrudisha hatakuwepo tena. Jana nilikuletea ofisini, ukaniambia kwamba ukizipokea itabidi unipeleke kwenye kamati ya nidhamu. Nimekusikia. Nipeleke. Na Bodi, lile bango la chumba kipya cha mazoezi, lililofunikwa kitambaa pale nje, lenye jina langu, tafadhali msilifunue. Mwiteni fundi alishushe likiwa limefunikwa hivyo hivyo.

Naomba mniruhusu nisome ya pili. Si ndefu.

"Nilifika saa tatu kamili. Nilikaa. Chumba kina watoto thelathini na mmoja, na ndani ya dakika kumi za kwanza msaidizi alikuwa ameshamsemesha kila mmoja, kwa urefu wa macho yake. Mtoto alimwaga rangi. Msaidizi alimpa kitambaa, naye akachukua chake, wakafuta pamoja. Wawili waligombania ndoo. Hakuuliza nani kaanza, aliuliza ndoo ilikuwa inakwenda wapi, wakamweleza, wakaipeleka wote wawili. Chumba kilikuwa na kelele muda wote. Nilipoisikiliza ile kelele niligundua hakuna hata mmoja anayelia. Mpimaji amefundisha miaka thelathini na moja na anakiri kwamba asingekimudu chumba hiki dakika kumi."

Na kisanduku cha kwanza kabisa, Mheshimiwa, cha fomu ya miaka sita iliyopita, nimekijaza upya. Nimeandika: alikuwepo.

Naziweka mezani pako.

Mheshimiwa anasoma. Tumpe nafasi asome.

Anatafuta kalamu. Katibu, mpe kalamu. Si hiyo, hiyo haiandiki tangu mwaka jana. Haya.

Ametia sahihi. Na muhuri, hadi kwenye cheti cha ishirini na nne kilichokuwa kikingoja mezani. Nakushukuru, Mheshimiwa. Kamati nitaikuta Jumatatu, nitafika mapema.

Mama fundi, nimekuona kule nyuma. Majoho haya ishirini na matatu umeyashona wewe, kama ulivyoyashona kila mwaka, hata yale ya mwaka ule. Nilipokutumia mtu wiki iliyopita kwamba ushone la ishirini na nne, ulimjibu kwamba halina haja ya kushonwa, kwamba lipo sandukuni na umekuwa ukilipiga pasi. Lilete mbele.

Wahitimu, mimi sina ushauri wa kuwapa. Mnao tayari, mmeuandika kwenye shajara zenu, na aliyewapa siye mimi. Nawaomba jambo moja. Siku moja mtatumwa kwenda kumpima mtu. Kaeni dakika zote.

Sasa naita jina la mhitimu wa ishirini na nne. Dada Mkeka, njoo uchukue cheti chako.

Natazama vitini simwoni. Natazama mlangoni simwoni. Wageni wadogo wananinyooshea vidole chini, pale mkekani, nyuma ya mstari wa mwisho. Ndiyo, sasa nakuona. Umekaa, na mtoto amekulalia mapajani, na unanionyesha kwa kichwa kwamba huwezi kunyanyuka.

Usinyanyuke. Usimwamshe.

Mheshimiwa mgeni rasmi na nyote mliohudhuria, nawashukuru kwa kunivumilia muda huu wote nikiwa nimesimama. Sasa naomba mniruhusu nishuke.